Msimwite Mkaidi Mwenye Maumivu

Liko neno moja litumikalo sana vijijini mwetu, nalo nataka kulishitaki leo mbele yenu, kama mtu ashitakiwavyo barazani. Neno hilo ni "ukaidi". Punda akisimama njiani asitake kwenda, husemwa ni mkaidi. Akikataa kufungwa mkokoteni, ni mkaidi. Akimwuma mtu amfungaye ukanda wa tumbo, ni mkaidi, tena mwovu. Akilala chini pamoja na mzigo wake, ni mvivu. Na akipiga teke, hana shukrani, maana hata methali zimekwisha kumhukumu zamani: fadhila za punda ni mateke. Na hukumu ikiisha kutolewa, adhabu haikawii, kwa kuwa fimbo i karibu sikuzote. Nami nasema ya kuwa katika hukumu nyingi za namna hii mshitakiwa hana hatia, shahidi hakuulizwa neno, na mkosaji ni hakimu mwenyewe.

Msinifahamu vibaya. Sisemi ya kuwa mnyama ni mtu, wala sisemi ya kuwa punda asifanye kazi. Punda ni wa kazi, na kazi yake ni baraka kwetu. Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: mnyama wa kazi ambaye tabia yake imebadilika, sharti kwanza adhaniwe kuwa ana maumivu, achunguzwe mwili wake tangu mdomo hata kwato, ndipo baadaye aitwe mkaidi, ikiwa jina hilo bado lamfaa. Sisi twafanya kinyume chake. Twaanza na fimbo, na tukifika kwenye uchunguzi, aghalabu ni uchunguzi wa mzoga.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki farasi hakupata kuenea, kwa kuwa mbung'o humwambukiza nagana, na yako maradhi mengine ya Afrika yamwuayo upesi. Basi punda ndiye farasi wetu. Ni ndugu wa farasi kweli. Meno yake, tumbo lake na kwato zake ni za namna moja na za farasi. Na wataalamu waliochunguza asili ya punda wa nchi nyingi za dunia walitangaza mwaka 2022 ya kuwa mnyama huyu alifugwa kwanza hapa Afrika, upande wa mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Miaka 7,000 ametutumikia, naye mpaka leo akituambia "naumwa" twamjibu kwa kigongo.

Tena si kwamba yeye ndiye mjinga katika jambo hili. Katika mji wa Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na farasi aitwaye Hans, naye alisifiwa sana kwa kuwa bwana wake, Wilhelm von Osten, alidhani amemfundisha hesabu. Akiulizwa jumla ya namba, farasi huyo aligonga chini kwa ukwato mpaka kufikia jibu, kisha akaacha. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alithibitisha ya kuwa Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akimtazama mtu amwulizaye, na kichwa cha mtu huyo kilipotikisika kidogo tu kwa kuona jibu limefika, Hans aliacha kugonga. Mwulizaji mwenyewe hakujua ya kuwa ametikisika. Fikirini jambo hili. Farasi asiye na elimu aliweza kusoma katika mwili wa mtu alama ambayo mtu mwenyewe hakujua ameitoa. Na sisi, watu wenye elimu, tusomao magazeti na vitabu, hatuwezi kusoma masikio yaliyolazwa nyuma, wala jicho lililokazwa, wala mguu uliopumzishwa usikanyage. Nani basi ni mzito wa kufahamu?

Wengine watauliza, "Tutajuaje kuwa ni maumivu, wala si tabia yake tu?" Hili ni swali jema, na jibu lake ni kutenganisha tabia na badiliko. Mnyama aliyekuwa mkali tangu utoto wake, labda ni mkali kwa kuzaliwa, au labda alifundishwa vibaya, au ameumwa siku zote na hakuna aliyemwona. Lakini mnyama aliyebeba maji miaka mitatu bila matata, na leo akataa, huyo hakupata roho mpya usiku. Kitu fulani kimetukia. Wasomaji wa Agano la Kale mwaijua habari ya Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Punda wake aliiacha njia, akambana mguu ukutani, mwisho akalala chini. Na mara tatu bwana wake akampiga. Basi angalieni punda yule alipofunguliwa kinywa alijitetea kwa hoja gani. Hakutoa hoja ndefu. Alimkumbusha bwana wake ya kuwa amempanda maisha yake yote, akamwuliza kama ilikuwa desturi yake kumtendea hivyo. Na Balaamu alikiri ya kuwa haikuwa desturi yake. Kweli pale palikuwa na hatari njiani, si maumivu mwilini. Lakini hoja ni ile ile. Asiyekuwa na desturi ya kukataa, akikataa, ana sababu. Nabii mzima hakuiona sababu mpaka punda aliponena; nasi tusingojee muujiza ule urudiwe kila asubuhi kisimani.

Sasa yafaa tuzitaje sababu zenyewe, ili mtu asiseme ya kuwa natoa maneno matupu.

Tuanze na mavazi ya kazi. Katika vijiji vingi vya bara mtu akipata punda wa kuvuta mkokoteni humtwika shingoni nira ya ng'ombe, kwa kuwa nira ndiyo aliyoizoea. Lakini ng'ombe ana nundu na shingo nene ya kuisukuma nira. Punda hana nundu, na nguvu zake zi kifuani. Mti ule humchubua mahali shingo inapokutana na mgongo, penye mifupa karibu na ngozi, na kamba ya chini humkaba koo kila anapovuta kwa nguvu. Wiki ya kwanza huvumilia. Wiki ya pili pana kidonda. Wiki ya tatu akiiona nira tu, hurudi nyuma, hukunja midomo, hugeuza matako. Twamwita mkaidi, kumbe anakataa kitu kile kile ambacho mtu yeyote angekikataa, yaani kugandamizwa juu ya kidonda. Dawa yake si fimbo. Ni ukanda mpana wa kupita kifuani, uliofunikwa kitambaa laini, na tandiko mgongoni la kugawanya uzito wa mkokoteni usikae mahali pamoja.

Au tazameni punda asimamaye akifika mteremkoni. Bwana wake husema, "Kupanda mlima apanda, kushuka ambako ni rahisi hataki, si ukaidi huo?" La, si ukaidi. Mikokoteni mingi haina ukanda wa kupita nyuma ya matako wa kuuzuia mkokoteni; basi mteremkoni mkokoteni wote pamoja na mzigo humsukuma na kumpiga miguu ya nyuma. Mwenye punda haoni, kwa sababu yeye yu juu amekaa. Vivyo hivyo na amwumaye mtu akifungwa ukanda wa tumbo: mara nyingi chini ya ukanda pana mchubuko, au mbigili zimekwama, au tumbo lenyewe lauma ndani. Farasi wengi wenye vidonda vya tumbo hukasirika hivyo hivyo wakifungwa seruji.

Na uzito wenyewe je? Madebe manne ya maji, kila moja lita 20, ni kilo 80, bila kuhesabu shogi na kamba. Punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Basi huyo wa madebe manne amebebeshwa zaidi ya sehemu mbili katika tano za uzito wa mwili wake, na juu yake mara nyingine huongezwa mtoto. Akilala chini, twasema amejifanya.

Pili ni mdomo. Meno ya farasi na punda hayakomi kuota. Huzidi kutoka katika ufizi muda mrefu wa maisha yake, yakisagika kwa majani. Na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, magego hayasagiki sawasawa. Kando ya nje ya magego ya juu, na kando ya ndani ya magego ya chini, hubaki ncha kali kama za msumeno. Za juu hukata mashavu, za chini hukata ulimi. Mnyama wa namna hii hutafuna akiinamisha kichwa upande mmoja, huangusha mafumba ya majani yaliyotafunwa nusu, hutokwa na mate, hukonda hali chakula kipo. Na akitiwa lijamu, hutupa kichwa juu na kupinga hatamu. Zamani, katika Ulaya, wahunzi wa farasi walipomwona farasi hali chakula walimtazama kaakaa, wakasema limevimba, wakalichoma kwa chuma cha moto. Waganga wa wanyama wakaja wakaonyesha ya kuwa kuchoma kule kulikuwa ukatili wa bure. Hivi ndivyo ujinga ulivyo: huliona jeraha moja, ukaongeza la pili.

Tatu ni miguu. Kijiwe kilichokwama, ukwato uliopasuka au uliorefuka mpaka ukajikunja, jipu chini ya ukwato, yote haya humfanya mnyama aende polepole na kukataa mawe. Yako na maradhi mabaya zaidi ya ndani ya kwato, yampatayo farasi au punda hasa akila nafaka nyingi ghafula, kama aliyevunja ghala ya mahindi. Nyama ishikayo ukwato na mfupa huvimba, na kwa kuwa ukwato ni mgumu hautanuki, maumivu yake ni makubwa mno. Mnyama husimama ameitupa miguu ya mbele mbele, ameegemea nyuma, hataki kugeuka, na kwato zake zikiguswa zina moto. Kumwendesha mnyama huyo kwa fimbo ni sawa na kumwendesha mtu aliyeungua nyayo.

Nne ni tumbo. Na hapa punda hutudanganya kuliko farasi. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo huonyesha wazi: hukwangua ardhi kwa ukwato, hugeuka kuutazama ubavu wake, hulala na kuinuka, hugaagaa, hutoka jasho. Naye hawezi kutapika, basi hatari yake ni kubwa. Punda mwenye maumivu yale yale huenda asifanye lolote la hayo. Huinamisha kichwa, huyalegeza masikio, hujitenga na mwenziwe, hunyamaza. Mara nyingine hutia mdomo malishoni kama anayekula, wala hamezi kitu. Wenye kumjua sana hudhani ya kuwa desturi hii aliirithi kwa wazee wake wa mwituni, maana huko anayeonyesha udhaifu ndiye achaguliwaye na simba. Kwa sababu gani namtaja hasa huyu anyamazaye? Kwa sababu huyu hata hapigwi; husifiwa! Mwenyewe husema, "Leo ametulia, amekuwa na adabu." Kumbe punda asiyekula siku chache tu, hasa jike mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwili wake huingia kwa wingi katika damu, ini na mafigo huharibika, akafa. Ukimya wake si adabu. Badiliko la kunyamaza ni badiliko kama lile la kupiga teke, na mara nyingi ndilo baya zaidi.

Tena uso wenyewe husema. Mwaka 2014 wataalamu wa Italia na wenzao walitoa kipimo cha uso wa farasi mwenye maumivu, nacho kina alama sita: masikio yamekazwa kuelekea nyuma, kope zimeukaza ufa wa jicho, mahali pa juu ya jicho pamekazwa mpaka mfupa waonekana, misuli ya taya imesimama, mdomo umekazwa hata kidevu chatokeza, na matundu ya pua yamevutwa. Alama hizi hazitaki chombo wala shule ya miaka saba. Zataka mtu asimame kimya, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, atazame.

Najua sasa watakuja wapinzani, nao wana hoja nne. Nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Fimbo yafaa, maana ukimpiga aenda." Ndiyo, aenda. Lakini kwenda kwake kwathibitisha nini? Kwathibitisha tu ya kuwa uchungu mpya umeshinda uchungu wa zamani. Zamani alikuwa na maumivu moja, sasa ana mawili, na lile la kwanza laendelea kukua chini ya nira wakati bwana wake ajisifu kwa ushindi. Xenophon, Myunani aliyekuwa jemadari, aliandika kitabu cha farasi katika karne ya nne kabla ya Kristo, naye aliwaonya watu wasimwendee farasi kwa hasira kamwe. Tena alitaka anunuaye farasi aanze kumtazama kwato, kama mtu atazamaye msingi wa nyumba. Huyo alikuwa mtu wa vita, si mtu mlegevu.

Hoja ya pili: "Ninyi mwamsingizia mnyama, tabia mbaya ni tabia mbaya." Basi sikilizeni ushuhuda. Sue Dyson, mganga wa farasi wa Uingereza, pamoja na wenzake, walitoa mwaka 2018 orodha ya matendo 24 ya farasi aliyepandwa: kulaza masikio, kufungua kinywa, kutikisa mkia mara kwa mara, kujikwaa, kusimama ghafula, kuinuka kwa miguu ya nyuma, na mengineyo, yale yale yaitwayo ukaidi. Walikuta ya kuwa farasi aonyeshaye manane au zaidi, yaelekea sana ana maumivu ya miguu au mgongo. Nao hawakuishia katika kudhani. Walitia dawa ya ganzi mahali palipoumia, kisha farasi yule yule akapandwa tena, na yale matendo mabaya yakapungua pale pale. Nauliza: tangu lini sindano ya ganzi mguuni imemfundisha mtu adabu? Kama ukaidi ungalikuwa moyoni mwa farasi, usingaliondoka kwa dawa ya mguu. Tena wataalamu hao walipowachunguza farasi zaidi ya 500 waliokuwa wakifanya kazi, ambao wenyewe waliwadhani wazima, walikuta karibu nusu yao wanachechemea au wanakwenda kwa ugumu. Na hao ni watu wa nchi yenye waganga wengi na fedha nyingi! Kama wao hawakuona, sisi tuna nini cha kujivunia?

Hoja ya tatu: "Hatuna fedha ya mganga wa wanyama." Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ni ya kweli. Walakini hesabuni vema. Kupeleka mkono chini ya tandiko ni bure. Kuinua ukwato na kutoa kijiwe ni bure. Kumpumzisha mwenye kidonda siku kumi ni hasara ya siku kumi. Kumfanyisha kazi mpaka afe ni hasara ya punda mzima. Ukanda wa kifuani hushonwa kwa magunia na kitambaa cha zamani. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hata 44 kwa dakika. Mwalimu mwenye saa aweza kuuhesabu kwa vidole chini ya taya. Na mwenye punda amhesabu punda wake siku akiwa mzima, aandike namba yake mlangoni, apate kujua siku ilipopanda. Mahali pengine msaada hupatikana hata bila malipo: katika kisiwa cha Lamu, ambako njia ni nyembamba na punda ndiye mchukuzi wa mawe na mchanga, ipo tangu mwaka 1987 zahanati ya punda iwatibuyo bila kudai fedha. Wenye punda wa Lamu si matajiri kuliko sisi. Penye bwana mifugo wa kata, aitwe mapema, siku mnyama alipobadilika, si siku alipoanguka.

Hoja ya nne: "Lakini wako wakaidi kweli." Naikubali. Yuko mnyama mwoga, yuko asiyefundishwa, yuko aliyejifunza ya kuwa akisimama ataachwa. Yuko jike aliye katika joto lake, na dume alisikiaye jike. Punda tena ana desturi ya kusimama akiona jambo asilolijua, ambapo farasi angekimbia. Asimama apate kufikiri. Hao wote wana dawa yao, nayo ni mafundisho na saburi. Lakini angalieni: nikimdhania maumivu asiye na maumivu, nimepoteza robo saa ya kumchunguza. Wewe ukimdhania ukaidi mwenye maumivu, umemtesa asiye na kosa, umeharibu mali yako, na labda umevunjika mbavu kwa teke. Makosa haya mawili hayalingani. Mtu mwenye busara, akiwa hana hakika, huchagua kosa lililo dogo.

Sasa nataka kusema neno gumu, nalo nalielekeza kwa wenye mali. Mara nyingi ampigaye punda ni kijana wa kuajiriwa, naye hulipwa kwa idadi ya safari, si kwa hali ya mnyama. Akipumzisha punda, hali. Akirudi na punda mwenye kidonda, bwana wake humlaumu. Akirudi na fedha kidogo, humfukuza. Kisha sisi twasema vijana wa siku hizi hawana huruma. Fimbo imo mkononi mwa kijana, lakini aliyeiinua ni yule apangaye hesabu ya safari akiwa amekaa kivulini. Ile methali isemayo punda afe mzigo wa tajiri ufike, haikutungwa na mchukuzi; ni methali ya tajiri. Tena ni uongo hata katika biashara, kwa maana mzigo wa leo utafika, lakini wa kesho utachukuliwa na nani? Twajua ni nani. Punda wa maji akifa nyumbani, asubuhi ya pili yake debe hupanda juu ya kichwa cha mama wa nyumba hiyo na binti zake, na binti hufika shuleni kengele imekwisha kulia, au hafiki kabisa. Hiyo ndiyo bei ya neno "mkaidi", nayo hailipwi na aliyelitamka.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo laweza kuanzwa bila kungoja serikali. Wazee wa kijiji wakubaliane ya kuwa mnyama mwenye kidonda kilicho wazi hafungwi kazini mpaka kipone, na mwenye kumfunga aulizwe barazani. Nira ya ng'ombe isivikwe punda. Anayeajiri kijana wa mkokoteni ampe ruhusa ya kumpumzisha mnyama bila kukatwa ujira. Na sisi walimu tuwafundishe watoto alama sita za uso kama tuwafundishavyo herufi, kwa kuwa watoto ndio waendao na punda kisimani, na jicho la mtoto likifundishwa mapema haliwi jepesi kupofuka. Torati ya Musa ilimwamuru mtu amsaidie hata punda wa adui yake aliyelala chini ya mzigo. Basi haiwezekani punda wetu wenyewe, aliyelala chini ya mzigo wetu wenyewe, apate kwetu haki ndogo kuliko ya punda wa adui.

Mnyama hana ulimi wa kusema, bali ana mwili, nao husema siku zote: kwa sikio, kwa jicho, kwa mguu, kwa kukataa, hata kwa kunyamaza. Asemaye kwa mwili hujibiwa kwa macho na mikono, si kwa kigongo. Basi ndugu zangu, siku punda wako atakapobadilika, kabla hujainua fimbo, inua ukwato. Kabla hujamwita jina baya, lifungue tandiko uone lililo chini yake. Na ukiisha kutazama mdomo, mgongo, tumbo na miguu, usikute neno lolote, hapo ndipo mwite mkaidi ukitaka. Nadhani hutakuwa na haja ya kumwita hivyo mara nyingi.